Matuta Yasiyolimwa: Safari ya Kutembezwa Katika Ayalandi

Kila mwaka, tangu mwezi wa Aprili hata mwezi wa Oktoba, mabasi makubwa ya wageni huondoka mjini Dublin asubuhi, kila moja likiwa na watu 40 au 50 waliotoka Marekani, Ujerumani, Australia na nchi nyingine za mbali. Wamelipia siku saba au nane za kutembezwa. Mizigo hupakiwa na dereva, vyumba vya hoteli vimekwisha kuwekwa, chakula cha asubuhi kimo katika bei, na mbele karibu na kioo huketi kiongozi mwenye kipaza sauti, ambaye kazi yake ni kueleza kila kilicho upande wa kulia na kila kilicho upande wa kushoto. Mgeni hana haja ya kusoma ramani wala kuuliza njia. Akitaka kulala, hulala. Na wengi hulala, hasa baada ya chakula cha mchana.

Hakuna aibu kusafiri namna hiyo. Mtu aliyefanya kazi miaka mingi ana haki ya kupumzika, na nchi ya Ayalandi ni nzuri kweli kweli. Mvua huinyeshea mwaka mzima pasipo ukali, na bahari ya Atlantiki huizuia baridi isizidi, hata malisho huwa mabichi karibu miezi yote. Siku ya manyunyu yasiyokoma wenyeji husema kwamba ni "siku laini," wala hawafanyi mzaha. Lakini safari ya kutembezwa ina hatari moja, nayo ni kwamba mgeni aweza kuonyeshwa nchi kama mtu aonyeshwavyo picha ukutani, akaisifu rangi yake na kurudi kwao asijue yaliyowapata watu wake. Katika jambo hili mkulima ana bahati kuliko wenzake ndani ya basi. Yeye aliyekulia shambani, hata kama leo ni karani wa mjini, hawezi kutazama kilima pasipo kujiuliza nani alikilima, alipanda nini, na kwa nini sasa hakilimwi.

Siku mbili za kwanza ni za mambo ya kale, nazo zaweza kupitwa kwa haraka, kwa kuwa vitabu vya wageni vimejaa habari zake. Katika Trinity College, Dublin, hutunzwa Kitabu cha Kells, yaani Injili nne zilizonakiliwa na watawa yapata mwaka 800 juu ya ngozi za ndama; kurasa 680 zimesalia, na karani ajuaye taabu ya kuandika mwandiko safi kutwa nzima atasimama mbele ya kazi ile kwa heshima. Katika bonde la Glendalough, kusini ya mji, pana mnara wa mviringo wa mawe, urefu wake mita 30 hivi, uliojengwa na watawa vile vile. Katika Cashel, juu ya mwamba ulioinuka peke yake katikati ya malisho, wafalme wa Munster walikuwa na makao yao hata mwaka 1101, mwamba ule ulipotolewa kwa Kanisa. Kiongozi husema haya yote kwa ufasaha, wageni hupiga picha, na basi huendelea na safari yake.

Ni siku ya tatu, katika kaunti ya Kerry, ndipo shamba lianzapo kusema lenyewe. Barabara izungukayo rasi ya Iveragh, iitwayo Ring of Kerry, ina urefu wa kilomita 179, nayo ni nyembamba mno hata mabasi ya wageni huagizwa kuizunguka kwa upande mmoja tu, kinyume cha mwendo wa saa, ili yasikutane uso kwa uso penye kona. Mkono mmoja ni bahari, mkono mwingine ni milima yenye kondoo. Mabasi mengi husimama katika shamba fulani la mlimani ili wageni waonyeshwe mbwa wa kuchunga.

Onyesho hili lafaa kuelezwa, maana ni kazi wala si mchezo. Mchungaji husimama bondeni na fimbo yake, asisogee hatua moja. Mbwa, mweusi mwenye mabaka meupe, hulala chini akimtazama. Mchungaji hutamka neno moja, na mbwa hupanda mlima mbio kwa kuzunguka upande wa kushoto. Neno la pili, naye huzunguka upande wa kulia. Mluzi mrefu, naye hujilaza pale pale alipo, hata kama ni umbali wa nusu kilomita. Habweki wala haumi. Huwakazia kondoo macho tu, akinyemelea kama chui, nao kondoo hujikusanya wenyewe na kuteremka mstari mmoja hata zizini. Mchungaji wa kweli hana mbwa mmoja tu, naye huwafundisha kila mmoja mluzi wake, ili mmoja akiagizwa mwingine asijidhanie kwamba ameitwa. Wageni hupiga makofi. Lakini bei ya sufu imekuwa duni sana katika miaka hii, hata mara nyingi haifikii ujira wa mtu wa kukata manyoya, na yamkini fedha za kiingilio zinazolipwa na wageni huwafaa wenye mashamba ya namna hii kuliko manyoya ya kondoo wao. Hili kiongozi halisemi katika kipaza sauti; mwenye shamba mwenyewe husema, akiulizwa kwa adabu.

Na wakati wageni wengine wakipiga makofi, mtu wa shamba huenda akainua macho kutazama mlima wa pili. Jua la jioni la Ayalandi huchelewa sana kutua, katika mwezi wa Juni hata saa nne za usiku, na mwanga wake ukilala chini huonyesha kila mwinuko wa udongo. Ndipo aonapo mistari. Imepanda mlimani sambamba, mmoja kando ya mwingine, upana wake kama hatua moja au mbili, imefunikwa na majani, na kati ya mstari na mstari pana mfereji mdogo. Mtu wa mjini hudhani ni mikunjo ya mlima. Aliyewahi kushika jembe hana shaka hata kidogo: ni matuta. Nayo yamepanda juu mno, mahali penye mawe na upepo, ambapo hakuna mtu angelima kwa kupenda.

Ni matuta ya viazi. Yalifanywa kwa mikono, kwa sepeto, na watu wengi walioyafanya hawakurudi kuyavuna. Matuta haya hayana kibao wala mlinzi wala kiingilio, nayo huonekana pia katika Connemara, katika Mayo na katika visiwa vya magharibi. Miongoni mwa mambo yote ya kale yanayoonyeshwa katika safari hii, haya ndiyo yanayostahili kutazamwa kwa muda mrefu kuliko yote.

Habari zake ni hizi. Katika hesabu ya watu ya mwaka 1841 kisiwa cha Ayalandi kilikuwa na watu zaidi ya milioni 8. Ardhi, isipokuwa kidogo sana, ilikuwa mali ya makabaila wachache, wengine wakiishi Uingereza wasiione kamwe. Wakulima walikuwa wapangaji tu, na chini yao walikuwako vibarua waliopewa kishamba cha eka moja au nusu eka kwa sharti la kufanya kazi. Ngano, shayiri na nguruwe vilikuwa vya kulipia kodi. Chakula cha maskini kilikuwa viazi, kwa kuwa hakuna mmea mwingine uwezao kulisha jamaa nzima katika kipande kidogo namna ile; mtu mzima wa kazi alikula zaidi ya ratili 10 kwa siku, kwa maziwa ya mtindi. Watu wapatao milioni 3 hawakuwa na tegemeo lingine.

Mwaka 1845 uliingia ukungu wa viazi. Ni ugonjwa ule ule ambao wakulima wa Nyandarua na Meru huunyunyizia dawa leo wakati wa mvua na baridi: majani hupata mabaka meusi, shina hulegea, na kiazi kilicho chini huoza na kunuka. Wakati huo hakuna aliyejua sababu yake wala dawa yake. Mwaka wa kwanza sehemu tu ya mavuno iliharibika. Mwaka 1846 yaliharibika karibu yote. Serikali ya Uingereza, iliyotawala Ayalandi siku zile, ilinunua mahindi kutoka Marekani kwa pauni 100,000. Msomaji aliyelelewa kwa ugali ataona jambo hili kuwa la ajabu na la huzuni pamoja: watu wale hawakuwahi kuona mahindi. Punje zilikuwa ngumu kama jiwe, vinu vya huko havikuweza kuzisaga sawasawa, na wenye njaa, wasioweza kungoja, waliula unga wake haujaiva, wakaumwa na matumbo. Waliuita kwa jina la kiberiti cha moto, wakilitia na jina la waziri mkuu aliyeuleta.

Kisha zikaja kazi za serikali. Watu waliokuwa hawawezi kusimama waliagizwa kuvunja mawe na kujenga barabara ili wapate ujira wa kununulia chakula. Barabara nyingine hazikuwa na mwisho, zilipanda mlimani zikakomea huko, nazo zingaliko. Mwaka 1847 yalifunguliwa majiko ya supu, na kwa muda wa miezi michache yalilisha watu wapatao milioni 3 kila siku, jambo linaloonyesha kwamba serikali ilipotaka iliweza. Lakini majiko yale yalifungwa mwaka ule ule, na sheria mpya ikasema kwamba mtu mwenye zaidi ya robo ya eka asipewe msaada wowote. Yafaa sheria hiyo isomwe mara mbili. Mwenye njaa alitakiwa achague kati ya chakula cha leo na shamba lake. Na aliyelitoa shamba apate supu hakulipata tena. Wakati huo huo shayiri, siagi na ng'ombe viliendelea kupakiwa melini kwenda Uingereza. Ni kweli kwamba katika mwaka 1847 nafaka iliyoingizwa ilizidi iliyotolewa, na haki yapasa isemwe. Lakini ilichelewa, nao wasio na fedha hawakuweza kuinunua.

Hata mwaka 1852 watu wapatao milioni moja walikuwa wamekufa, na zaidi ya milioni moja wameondoka kwa meli. Waliobaki waliendelea kuondoka kizazi baada ya kizazi. Leo hii, ukijumlisha Jamhuri na sehemu ya kaskazini iliyobaki chini ya Uingereza, kisiwa kizima kina watu milioni 7 na kidogo tu, yaani pungufu ya wale wa mwaka 1841. Ni vigumu kutaja nchi nyingine ya Ulaya iliyo hivyo. Katika Jamhuri peke yake ng'ombe ni wapatao milioni 7, nao wamewazidi watu, ambao ni milioni 5 na kidogo.

Baada ya kujua hayo, mgeni aliyemo katika basi hawezi tena kuyatazama malisho yale mapana kama alivyoyatazama siku ya kwanza. Mengi yalikuwa vijiji. Makabaila waliona kwamba ng'ombe huleta faida kuliko wapangaji wasio na kitu, wakabomoa nyumba na kuondoa mipaka ya vishamba. Nyumba za mawe zisizo na paa, ambazo wageni huzipenda sana katika picha zao, si zote zilizoachwa na watu waliokwenda kutafuta maisha mema.

Toka rasi ya Iveragh basi huingia rasi ya Dingle, ambako wageni hushangaa kuona vibao vya barabara vimeandikwa lugha wasiyoijua. Hapa ni mojawapo ya sehemu ambamo Kiayalandi kingali lugha ya nyumbani. Kwa katiba ya mwaka 1937 hiyo ndiyo lugha ya kwanza ya taifa, na kila mtoto hufundishwa shuleni. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2022 watu karibu milioni 1.9 walisema wanaijua, lakini wanaoitumia kila siku nje ya shule ni wapatao 72,000 tu. Njaa iliua zaidi magharibi, na magharibi ndiko lugha ilikokuwa na nguvu. Waliobaki walijua kwamba watoto wao watakwenda Liverpool au Boston, wakawataka wajue Kiingereza. Katika shule nyingine mtoto alifungiwa kijiti shingoni, na kila aliposema Kiayalandi kijiti kilitiwa alama, kisha jioni alichapwa kwa hesabu ya alama zile. Mara nyingi ni mzazi mwenyewe aliyetia alama. Walioko Kenya waliopata kuvikwa kibao shuleni kwa kosa la kusema lugha ya mama hawahitaji maelezo zaidi.

Mwisho wa rasi hiyo, basi likisimama, vyaonekana visiwa vya Blasket baharini. Katika kisiwa kikubwa waliishi wavuvi maskini, hawakupata kuwa 200, lakini katika karne ya 20 walitoka humo waandishi waliosomwa nchi nzima, naye Tomás Ó Criomhthain, mvuvi, alichapisha habari za maisha yake mwaka 1929 kwa Kiayalandi safi. Vijana walihama wakaisha. Mwaka 1953 serikali iliwahamisha watu 22 waliosalia. Kutoka barabarani, kukiwa hakuna ukungu, kuta za nyumba zao huonekana kwa darubini.

Safari huendelea kaskazini kwa feri ivukayo mto Shannon, mwendo wa dakika 20, hata kufikia magenge ya Moher, yaliyosimama wima mita 214 juu ya bahari. Hapa wageni hupewa saa moja na nusu, na upepo huchukua kofia za wengi. Mandhari yake hayana kifani. Lakini mkulima atapendezwa zaidi na nchi iliyo karibu nayo, iitwayo Burren, ambayo kwa mbali huonekana kama uwanja wa saruji: mawe ya chokaa matupu, yenye nyufa, na katika nyufa maua. Wenyeji wa hapo hufanya kinyume cha wafugaji wengine wa Ulaya. Wengine huteremsha ng'ombe wakati wa baridi, wao huwapandisha. Sababu ni kwamba mawe yale hukauka upesi na huhifadhi joto la kiangazi, nayo majani makavu ya huko juu huwatosha ng'ombe hata masika. Tena ng'ombe wakiisha kuyala majani hayo marefu, maua hupata mwanga, na ndiyo maana wataalamu wa mimea walipokuja kuyahifadhi maua ilibidi wawasihi wafugaji wasiiache desturi ya baba zao.

Ng'ambo ya maji, katika visiwa vya Aran, kazi ilikuwa ngumu zaidi. Palikuwa na mwamba tu. Watu walizijaza nyufa kwa vipande vya mawe, wakachukua mchanga na mwani toka pwani kwa vikapu mgongoni, wakavitandaza tabaka juu ya tabaka, wakafanya udongo pale ambapo Mungu hakuuweka. Kuta za mawe zisizo na chokaa, zinazogawa vishamba vidogo kama vyumba, ziliwafaa kwa mambo mawili, kuukinga udongo usipeperushwe na kupata mahali pa kuyaweka mawe. Mtu aliyetengeneza shamba kwa namna hii kisha akatozwa kodi ya shamba hilo na mwenye mwamba, ni rahisi kufahamu alichosema moyoni.

Jioni katika miji midogo ya Clare na Galway wageni hupelekwa kusikiliza muziki katika nyumba za pombe. Hakuna jukwaa. Wapigaji huketi kuizunguka meza kama wachezao karata, mmoja ana fidla, mmoja filimbi, mmoja tari, na pengine mmoja ana zumari ya mfuko inayopulizwa kwa kiwiko badala ya mdomo. Wimbo mmoja huingia katika mwingine pasipo mtu kuamrisha. Aliye mgeni na asikilize kimya. Kuzungumza kwa sauti kuu mbele yao ni utovu wa adabu, ingawa hakuna atakayemkemea.

Na katika nyumba za wenyeji, mgeni hupewa chai kabla hajaketi vizuri. Ni chai nzito, imetiwa maziwa, nayo hunywewa mara nyingi kwa siku; watu wa Ayalandi wamo miongoni mwa wanywaji wakuu wa chai duniani. Sehemu kubwa ya majani yao hutoka Afrika ya Mashariki, na Kenya ni ya mbele. Yawezekana kabisa kikombe cha bibi wa Connemara kilichumwa Kericho au Nandi, wala yeye asijue. Pengine, akisikia jina la Kenya, atasema kwamba shangazi yake alikuwa sista huko. Maana mapadre na masista wa Ayalandi waliofundisha katika shule za Kenya ni wengi, na masista wa Loreto walifika mwaka 1921.

Siku ya sita basi hupita katika kaunti ya Mayo. Kando ya ziwa Doolough, katika bonde lisilo na nyumba, pana msalaba wa jiwe. Mwezi wa Machi, mwaka 1849, watu wenye njaa wa Louisburgh waliambiwa waende kukaguliwa na wakubwa kama wanastahili msaada. Walipofika hawakuwakuta, wakaagizwa wawafuate mpaka nyumba ya kuwindia ya Delphi, mwendo wa kilomita 19 hivi kwa miguu, katika baridi. Huko walikataliwa. Wengi walikufa njiani wakirudi. Kila mwaka watu huitembea njia ile kwa ukumbusho, na mwaka 1991 Askofu Mkuu Desmond Tutu wa Afrika ya Kusini aliitembea pamoja nao. Mabasi mengi hupita pale yakipunguza mwendo tu. Magenge ya Moher, saa moja na nusu. Doolough, dakika nne. Mwenye kupanga safari angeweza kupanga vingine.

Lakini Mayo si nchi ya kulia tu. Michael Davitt alizaliwa huko mwaka 1846, katika kijiji cha Straide. Alipokuwa na miaka minne jamaa yake ilifukuzwa kwa kushindwa kulipa kodi, wakahamia Uingereza, naye akiwa na miaka 11 alipoteza mkono katika mashine ya kiwanda cha pamba. Mwaka 1879 alirudi Mayo kuwakusanya wapangaji, na Chama cha Ardhi kilianzishwa. Mwaka uliofuata ikatokea habari ya Kapteni Charles Boycott, msimamizi wa ardhi ya kabaila mmoja karibu na ziwa Mask. Alikataa kupunguza kodi kama wapangaji walivyotaka, akataka kuwafukuza. Hawakumpiga. Waliacha kusema naye. Vibarua waliondoka shambani, mwenye duka hakumuuzia, mfua nguo hakumfulia. Viazi vyake vilivunwa na watu 50 walioletwa kutoka kaskazini, wakilindwa na askari wapatao 1,000, na gharama ya ulinzi ikazidi mara nyingi thamani ya mavuno. Kabla ya mwaka kwisha alikuwa ameondoka Ayalandi, na jina lake likawa katika Kiingereza neno la kususia.

Hatimaye, kwa sheria ya mwaka 1903, serikali iliwakopesha wapangaji fedha za kuwanunua makabaila, deni likilipwa kidogo kidogo kwa miaka 68 na nusu. Hivyo wajukuu walilipia ardhi ambayo babu zao walikuwa wameifanya udongo kwa vikapu. Davitt mwenyewe hakuipenda njia hiyo. Alitaka ardhi iwe ya taifa zima. Wakulima walitaka hati, nao walizipata. Leo shamba la wastani katika Jamhuri ni eka 80 hivi, na theluthi ya wenye mashamba wamepita umri wa miaka 65. Vijana wako Dublin au Australia. Mzee aonyeshaye mbwa wake kwa wageni kule Kerry, pengine hana wa kumwachia mluzi.

Siku ya mwisho, njiani kurudi mashariki, baadhi ya mabasi husimama Strokestown, katika kaunti ya Roscommon, penye nyumba kubwa ya kabaila. Mwenye nyumba hiyo wakati wa njaa, Meja Denis Mahon, aliwapeleka wapangaji wake 1,490 Kanada mwaka 1847, kwa kuwa nauli ilikuwa nafuu kuliko kuwalisha. Wengi walikufa baharini au walipofika. Yeye aliuawa kwa risasi mwezi wa Novemba mwaka ule ule. Mwaka 1979 mfanyabiashara wa magari wa mji ule aliinunua nyumba na uwanja wake, akitaka nafasi ya malori. Katika ofisi ya shamba akakuta makaratasi: daftari za kodi, hesabu, barua, na ombi lililoandikwa na wapangaji wa mwaka 1846, wakieleza kwa heshima kwamba jamaa zao wana njaa. Aliposoma hilo hakuyatupa. Jumba la kumbukumbu ya Njaa lilifunguliwa hapo mwaka 1994, na makaratasi yale ndiyo yaliyolianzisha.

Karani akisimama mbele ya daftari zile hutambua kazi ya mwenzake. Mwandiko ni mzuri, mistari imenyooka, jumla zimelingana.

Kutoka Strokestown mpaka Dublin imewekwa njia ya miguu ya kilomita 165 ifuatayo mfereji, ambayo wale 1,490 waliipita. Kando yake vimewekwa viatu vidogo vya shaba, zaidi ya jozi 30, vilivyofanywa kwa mfano wa viatu vya mtoto vya karne ya 19 vilivyokutwa vimefichwa katika paa la nyumba ya manyasi. Njia hiyo hukomea bandarini, na karibu na hapo zasimama sanamu za watu waliokonda, wakielekea majini. Basi la wageni hulipita gati hilo jioni, abiria wakikusanya makoti yao, kwa maana hoteli iko karibu.